Watafungua Sasa Hivi

Mwanamke aliyenifundisha raga alikuwa amepita miaka sabini, alikaa mitaa mitatu kutoka kwangu hapa Ilford, na ubaya uliompata niliufanya mimi. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akanionea huruma njiani.

Nilimkuta kwenye kituo cha basi Jumapili moja ya mwezi wa tatu, nikiwa na mwaka mmoja na nusu London. Siku za wiki nilikuwa mlinzi kwenye jengo kubwa la maduka kule Stratford, kazi ya kusimama mlangoni mpaka watu wakuone kama sehemu ya mlango. Jumapili nilikuwa huru na sikujua uhuru wenyewe niufanyie nini. Mke wangu ni muuguzi, na Jumapili nyingi alikuwa zamu. Basi nilipanda basi lolote hadi mwisho wa njia, nikashuka, nikapanda la kurudi.

Yule mama alikuwa na maboksi mawili ya keki miguuni pake na skafu ya kijani na manjano shingoni. Alinitazama toka juu hadi chini.

"Una mikono miwili na yote haina kazi," akasema. "Nishikie boksi moja."

Nikashika. Tukapanda basi la kwanza, tukashuka, tukapanda la pili, na muda wote huo hakuniuliza natoka wapi. Aliniuliza kama miguu yangu inahimili baridi. Aliniita mpenzi, kama wazee wa mashariki ya London wanavyomwita kila mtu, hata dereva wa basi, na mimi mtu wa Bonde la Ufa nikaona haya, nikatazama dirishani. Nami nilimwita Mama, kwa sababu sikuweza kumwita mwanamke wa umri ule kwa jina lake tupu. Alicheka mara ya kwanza, halafu akazoea.

Uwanja ulikuwa umejificha nyuma ya nyumba za matofali mekundu, kwenye kitongoji cha pembezoni kabisa, mahali ambapo watu huosha magari yao Jumapili na hawamjui jirani wa nyumba ya tatu. Jukwaa moja la mabati, uzio wa chuma kuzunguka nyasi, kibanda cha chai. Mpira ukipigwa juu sana ulitua kwenye bustani ya mzee mmoja asiyependa raga, naye aliurudisha akiwa amechelewa makusudi. Mashabiki hatukufika mia nne. Wale wa kweli, waliosimama kwenye uzio kwa mvua na jua, walikuwa kama ishirini.

Kenya tunaijua raga ya watu kumi na watano, na ile ya watu saba inayotupa raha. Hii ilikuwa ya kumi na watatu. Mama alinifundisha kwa kunihesabia kwa vidole mbele ya pua. "Mkiwa na mpira mnakamatwa mara sita. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Baada ya sita unatoa mpira kwa wenzio, upende usipende. Hakuna kubembelezana." Niliipenda sheria hiyo siku ile ile. Katika nchi ambayo kila barua niliyopokea ilikuwa na maana mbili, hapa palikuwa na jambo linalohesabika.

Mwisho wa msimu ule nilikuwa na skafu. Mwaka uliofuata nilikuwa na mahali pangu kwenye uzio, hatua mbili kushoto kwa Mama. Kulia kwake alisimama fundi bomba mstaafu, mtu mnene mwenye sauti ya kupasua mabati, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu bila mtu kumchagua. Aliposema tuimbe tuliimba. Aliposema mtu fulani si mwenzetu, mtu huyo hakuonekana tena. Siku moja shabiki wa timu ya kaskazini aliyekunywa kupita kiasi aliniambia maneno kuhusu rangi yangu, na fundi bomba akamshika shati kifuani akamwambia: "Huyu ni wetu. Mguse uone."

Huyu ni wetu. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu neno hilo mara tatu. Yeye ni mtu wa Mombasa, hazungumzi sana. Aliniuliza tu: "Na kama usingekuwa wao, angemwacha akutukane?"

Nilihitaji sana kuwa wa mtu. Nilikulia katika mji ambao majirani zetu, watu tuliosherehekea nao Krismasi ishirini, waliacha kutusalimu wiki mbili kabla ya uchaguzi. Baada ya uchaguzi tuliamka tukakuta mtu ameandika kwa makaa kwenye geti letu: *Hamna kwenu hapa.* Tulikaa miezi kwenye hema, baba akiuliza kila siku ni nani aliyeandika, kwa sababu aliufahamu mwandiko. Alikufa akiufahamu. Nilipovuka kuja huku nilijiapiza sitapenda tena mahali, na miaka minne baadaye nilikuwa nimejifunga kijani na manjano kama bendera.

Sasa nieleze habari za mjukuu wa Mama, kwa sababu yote yalianzia kwake.

Mama alikuwa na binti mmoja, na binti huyo alifariki akaacha mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Mama alimlea. Alimleta uwanjani akiwa hajui kufunga kamba za viatu, akampitisha chini ya uzio, na wale wale ishirini wakambeba mabegani kwa zamu. Fundi bomba ndiye aliyemfundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto, nyuma ya jukwaa, mapumziko baada ya mapumziko. Nilipofika mimi alikuwa kijana wa miaka ishirini, mrefu, sikio moja limevimba kwa kugongana, akicheza timu yetu ya kwanza. Tulikuwa na wimbo wake. Alipofunga trai, yaani alipolaza mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho, alikuja mbio hadi kwenye uzio akambusu bibi yake kwenye kipaji.

Halafu akaondoka. Klabu moja ya kaskazini ilimtaka. Kule ndiko mchezo huu ulikozaliwa, na watu wa kule hututazama sisi wa London kama watoto walioazima mpira na hawataki kuurudisha. Kati ya klabu zote za kaskazini, ile ndiyo tuliyoichukia zaidi. Kwa nini hasa, hakuna aliyekumbuka. Kijana alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alitaka kucheza mbele ya watu elfu kumi. Ningekuwa yeye ningekwenda usiku ule ule.

Lakini fundi bomba alitoa wimbo wake kwenye orodha, na mbele ya Mama hatukuwa tukimtaja.

Mwaka uliofuata wakaja kucheza kwetu. Tangu asubuhi kundi letu la simu lilikuwa linawaka moto. Mama alifika na keki zake kama kawaida, akasimama mahali pake kama kawaida, na skafu yetu shingoni. Wachezaji walipotoka, uzio mzima ulimzomea mjukuu wake. Mama alishika chuma cha uzio kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Kijana alipopita karibu yetu nilijisikia nikipiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Huna kwenu wewe! Huna kwenu!"

Watu wakalipenda. Fundi bomba alinipiga begani, akalidaka neno, akalitia mdundo, na muda mfupi baadaye uzio wote uliimba: huna kwenu, huna kwenu. Niliona wimbo niliouleta mimi ukizunguka uwanja hadi kwenye kibanda cha chai. Sitaki kudanganya: ilikuwa saa tamu kuliko zote nilizokuwa nazo katika nchi hii.

Zikiwa zimebaki dakika nne, tukiongoza kwa pointi mbili, kijana alipokea mpira kwenye mkamato wa tano, akawakwepa wawili, akambeba wa tatu mgongoni, akaulaza mpira kwenye kona. Mbele yetu kabisa. Uwanja ukanyamaza kama watu waliopewa habari za msiba. Na katika kimya hicho nikasikia makofi. Matatu tu, ya mikono yenye glavu za sufu.

Fundi bomba aligeuka polepole. "Umefanya nini?"

"Nimempigia makofi mtoto wa binti yangu," Mama akasema.

"Hapa?"

"Yuko hapa. Ningempigia wapi?"

Kijana alitazama uzio, akaona nyuso zetu, hakuja kumbusu bibi yake. Alirudi katikati ya uwanja akitazama nyasi. Tulifungwa, na safari ya kurudi Ilford nilipanda basi lililotangulia ili nisikae naye.

Jumapili iliyofuata fundi bomba alinivuta mkono mapema. "Simama hapa," akasema, akinionyesha mahali pa Mama. Nikasimama. Mwingine akasimama pale pangu, na wote wakatawanyika kidogo, miguu wazi, viwiko kwenye chuma, mpaka watu kumi na wanane wakajaza nafasi ya arobaini.

Mama alifika akipumua kwa kuchoka. Alikuwa na boksi la keki. Alikuja moja kwa moja kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa pale, au kwa sababu alidhani nimemshikia nafasi.

"Sogea, mpenzi. Hapo ndipo ninaposimama."

Nikamtazama, nikasema, "Pamejaa, Mama."

Aligeuza shingo kushoto, akageuza kulia. Ungeweza kufunga ng'ombe wanne katika zile nafasi. Aliweka boksi chini, akatoka polepole akaenda kusimama nyuma ya milingoti ya goli upande wa mbali, peke yake, na boksi lilikaa kwenye nyasi hadi mwisho wa mechi. Hakuna aliyelifungua. Mvua ililiharibu.

Nilidhani angekata tamaa. Hakukata. Msimu mzima alikuja na kusimama kule nyuma ya milingoti, na skafu yetu, akishangilia timu yetu kwa sauti yake ndogo iliyofika kwetu ikiwa imechelewa. Ushupavu wake ulituudhi kuliko yale makofi. Nilipomwona kwenye barabara ya maduka hapa Ilford nilivuka ng'ambo. Siku moja nilijificha kwenye duka la vitambaa vya sari mpaka mwenye duka akaniuliza mara mbili natafuta rangi gani.

Mwisho wa msimu ikaja habari kwamba uwanja umeuzwa zijengwe nyumba. Hatukuwa wenye uwanja. Tulikuwa wapangaji, na klabu ilihamia upande wa pili wa London, magharibi kabisa, kwenye uwanja wa watu wengine. Tangazo, ratiba, njia za treni, vyote vilipitia kwenye kundi letu la simu. Mimi ndiye niliyekuwa nimepewa kulisimamia, kwa kuwa wazee walisema nina vidole vyepesi.

"Yule bado yumo humu?" fundi bomba aliniuliza.

"Yumo."

"Mtoe."

Nikamtoa. Kulikuwa rahisi kuliko kufunga kifungo cha shati. Nilijua hana kompyuta. Nilijua simu yake ni ile ndogo, na kwamba kila kitu kuhusu klabu alikisoma kwenye kundi lile. Nilijiambia mjukuu wake atamwambia. Mjukuu, nilikuja kujua, alidhani sisi tumemwambia. Ni nani angefikiri mwanamke aliyesimama kwenye uzio ule zaidi ya miaka thelathini angekosa kuambiwa uzio umehama?

Mechi ya kwanza ya msimu mpya ilikuwa Jumapili ya upepo mkali. Nilipanda treni ya Elizabeth hapa Ilford, ikapita chini ya jiji lote, nikatokea magharibi, nikachukua basi. Uwanja mpya ulikuwa mzuri kuliko wetu na hatukuupenda. Tulitafuta uzio wa kusimama, tukaupata. Kipindi cha kwanza kilikuwa hakijafika nusu simu yangu ilipolia. Nikaona jina lake, nikairudisha mfukoni. Ikalia tena.

"Ni nani?" fundi bomba akauliza.

Nikamwonyesha.

Uso wake ukafunguka kama wa mtoto. "Pokea. Weka sauti tusikie sote."

Nikapokea, nikaweka sauti. Watu sita au saba wakasogeza vichwa. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu yake.

"Mpenzi, samahani kukusumbua. Niko getini. Limefungwa kwa mnyororo. Sioni mtu. Nimekosea siku?"

Fundi bomba alijiziba mdomo, mabega yakimtetemeka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga ngoma yetu aligeukia pembeni. Wote walinitazama, wakingoja nitasema nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu la kweli: tumehama. Hata kwa ukali. Hata kwa kumcheka.

"Hujakosea, Mama," nikasema. "Subiri hapo hapo. Watafungua sasa hivi."

"Oh, asante, mpenzi. Nilianza kuwa na wasiwasi."

Nikakata. Kicheko kilichotoka pale kiliwafanya watu wa jukwaani wageuke. Fundi bomba alinikumbatia, akanibusu kwenye kipara. Halafu timu yetu ikapata trai, tukasahau kwa nini tulikuwa tunacheka. Tulishinda siku ile. Nilirudi nikiimba ndani ya treni, na kati ya vituo vyote vile, sikumkumbuka hata mara moja. Ningependa kuandika kwamba nilihangaika. Nilikula wali, nikalala.

Mke wangu aliniambia siku ya pili yake, saa za jioni, akiwa bado na sare ya kazi. Aliketi bila kuvua viatu.

"Leo wameletwa wagonjwa wodini kwangu," akasema. "Mmoja ni yule mama yako wa keki. Amevunjika nyonga."

Nikauliza alivunjikia wapi.

"Jana, nje ya uwanja wenu wa zamani. Alikaa kwenye ukuta mfupi wa nyumba ya ng'ambo, kwa saa tatu na zaidi, katika upepo ule. Alipotaka kusimama miguu ilikuwa imekufa ganzi, akaanguka ukingoni mwa barabara. Mzee wa nyumba ya nyuma ya uwanja ndiye aliyemfunika blanketi. Walipomvua nguo alikataa kutoa skafu." Akanitazama. "Anasema wewe ulimwambia asubiri. Anasema lazima na wewe ulikuwa umeambiwa vibaya."

Mke wangu ameishi na uso wangu miaka kumi na moja, hakuhitaji neno.

"Mlikuwa wapi ulipopokea simu?"

"Uwanja mpya."

"Na wenzio walisikia?"

"Walisikia."

Akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi. "Wewe ndiye uliyenihadithia juu ya geti la baba yako," akasema taratibu. "Ulilia kifuani kwangu. Nikadhani nimeolewa na mtu aliyeumizwa. Kumbe nimeolewa na mtu aliyekuwa akijifunza kazi." Alikwenda kulala chumba cha mtoto wetu, na hatukuzungumza kwa siku nyingi isipokuwa habari za maziwa na funguo.

Nilikwenda hospitali Alhamisi. Nilinunua zabibu, kitu cha kipumbavu, na nilisimama kwenye lifti nikiwa nimezishika kama mtu aliyeiba. Mjukuu alikuwa ameketi kando ya kitanda, kiti kimepotelea chini yake. Aliponiona aliinuka. Nilidhani anakuja kunipiga na, kusema kweli, nilitulia. Badala yake alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Bibi ameniambia," akasema. "Alipiga simu watu watano siku ile. Ni wewe peke yako uliyepokea. Sitasahau."

Mkono wake ulikuwa mzito na wa joto. Nilitazama chini. Nilisema jambo, sikumbuki nini, nadhani nilisema karibu. Akaniomba nikae na bibi yake wakati yeye anakwenda kutafuta chai.

Mama alikuwa amekuwa mdogo. Mito ilimmeza. Alisubiri mpaka hatua za kijana zikaishia kwenye korido, ndipo akafumbua macho vizuri.

"Mama," nikaanza, "nimekuja kukuambia kwamba siku ile mimi..."

"Nilisikia filimbi," akasema.

Sikumwelewa.

"Kwenye simu. Nilisikia refa anapiga filimbi, na nikasikia ngoma. Nimeisikia ngoma ile miaka yote, nitaikosaje? Na nilimsikia yule fundi anajizuia kucheka. Hawezi kujizuia, hana adabu ya pumzi." Alisema bila ukali, kama anayehesabia mtu mikamato. "Nilijua mechi iko mahali pengine. Nilijua kabla hujamaliza kusema."

"Sasa kwa nini ulisubiri?"

"Nilitaka kuona kama utakuja kunichukua."

Kulikuwa na mgonjwa mwingine akikohoa nyuma ya pazia. Nilingoja amalize, kana kwamba alikuwa anazungumza.

"Nilihesabu," Mama akasema. "Nikasema, mechi ikiisha atanikumbuka. Nikasema, akipanda treni atanikumbuka. Akifika Stratford. Akishuka Ilford ataona kituo cha basi. Nilikupa mpaka kiza kianze. Kisha nikasimama ili niende zangu, ndipo nikaanguka. Kwa hiyo kuanguka si kosa lako. Kuanguka ni kwa miguu yangu."

Nilisema nisamehe. Nilisema kwa Kiingereza, halafu likanitoka na kwa Kiswahili, ambacho hakukijua.

"Sijamwambia mtoto," akaendelea, "na sitamwambia. Usifikiri ni kwa ajili yako. Angekuvunja uso, halafu angefungiwa mechi nne, na wao msimu huu wana nafasi ya ubingwa." Akafumba macho. "Chukua zabibu zako. Zina mbegu, siwezi kuzila."

Nikazichukua. Kijana alinikuta kwenye korido akiwa na vikombe vitatu vya chai, akashangaa naondoka. Nilimwambia nina zamu.

Miezi michache baadaye alimhamisha bibi yake kaskazini, kwenye nyumba ya wazee karibu na anakoishi. Nyumba yake ya mitaa mitatu kutoka kwangu ilipata watu wengine, wakatoa mapazia. Mke wangu alirudi chumbani kwetu, lakini kuna mambo ambayo tangu wakati ule hanihadithii tena, na simuulizi.

Nilimwona Mama mara moja nyingine. Timu ya mjukuu ilikuja kucheza nasi kwenye uwanja wa magharibi, na miongoni mwa wageni, mbele kabisa, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amevikwa jezi na kofia ya rangi zao hadi masikioni. Wanawake watatu wa kaskazini walimzunguka kama malkia. Fundi bomba alimwona kabla yangu. Nikadhani ataanzisha wimbo. Hapana. Alizunguka uwanja mzima na chai mkononi, akamwinamia, akamuuliza nyonga inaendeleaje, na wote wawili wakacheka jambo fulani. Aliporudi alisema, "Bado ana ulimi mkali." Hakukuwa na chuki yoyote usoni mwake. Adui anayo heshima yake kwetu, na mahali pake pa kukaa. Tunayemnyima nafasi ni yule tu aliye katikati.

Nami nikazunguka. Sijui nilitaka nini. Nilifika mbele yake, nikachuchumaa ili macho yetu yalingane, nikasema, "Mama, shikamoo," neno nililomfundisha zamani ndani ya basi, naye alikuwa akilijibu kwa kujivunia.

Alikuwa anatazama mchezo juu ya bega langu.

"Kaa pembeni," akasema. "Ni mkamato wa tano."

Nikakaa pembeni. Mjukuu wake alipiga mpira kwa mguu wa kushoto, ukaanguka pale alipotaka, wanawake wote watatu wakaruka, na yeye akapiga makofi kwa nguvu zote zilizobaki mikononi mwake, akiwa katikati ya watu wake. Nilirudi kwenye uzio wetu. Walitufunga vibaya siku ile. Uzio wetu ulimwimbia kijana huna kwenu mara mbili au tatu, kwa mazoea tu, na mimi nilikuwa nikichezesha midomo bila sauti.

Kwenye treni ya kurudi fundi bomba aliketi mkabala nami, magoti yetu yakigusana, akaniuliza kama Jumapili ijayo nitakuwepo.

Nikamwambia nitakuwepo. Na nilikwenda.